Moteri Iliingia Maji: Ipime Mbele ya Kuiwasha



Asubuhi moja, kisha mvua ya usiku muzima, memba wa koperative moja ya mupunga katika bonde la Ruzizi walifungua nyumba yao ya mashini na kukuta matope kila pahali. Maji ya muto yalikuwa yamefika mpaka kwenye magoti, kisha yakarudi mbele jua halijatoka. Mashini ya kukoboa haikupata shida kubwa: ni chuma, inaoshwa na kupakwa mafuta. Lakini moteri ya umeme, ya kilowati 11, ilikuwa imefungwa chini kabisa. Ilikuwa imelala ndani ya maji usiku ule.

Waliipangusa. Waliiinamisha, maji yakatoka. Wakaiweka juani mpaka saa nane ya muchana. Kwa inje ilikuwa imekauka kabisa. Wakati ule ule, magunia ya memba yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mulango, na watu walianza kunungunika. Prezida hakutaka kuonekana kama mutu muzembe. Mashinisti akaambiwa ajaribu. Alifinya buto ya kijani. Moteri ilinguruma, moshi ukatoka, harufu ya vernisi yenye kuungua ikajaa nyumba, umeme ukakatika. Yote ile haikupita segonde tatu.

Moteri ilipelekwa Uvira kwa fundi mwenye kubobina. Mupunga wa memba ulipelekwa kukobolewa kwa watu wengine, kwa bei yao. Na pesa ya yote ile ilitoka katika mufuko wa koperative, ile pesa yenye ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mbegu.

Tulipotembelea ile koperative, mashinisti alituambia kama mpaka leo watu wamoja wanasema kwamba muto njo uliua moteri. Yeye hakubali. Anasema moteri ilitoka ndani ya maji ikiwa ingali nzima, na kwamba kilichoiua ni kidole chake. Iko na haki. Na njo maana tunaandika habari hii.

MAJI YANAHARIBU MOTERI KWA NJIA GANI?

Ndani ya moteri kuko waya nyingi za shaba zenye kuzungushwa pamoja. Mafundi wanaziita bobina. Kila waya imepakwa vernisi nyembamba sana, kama ngozi ya kitunguu. Ile vernisi njo inazuia umeme usiruke kutoka waya moja mpaka ingine, ao kutoka waya mpaka kwenye chuma cha inje. 

Maji ya muto haiko maji tupu. Yako na udongo, chumvi ya ardhi, na uchafu wa kila namna. Maji ya namna ile yanapitisha umeme. Yanaingia katika kila nafasi ndogo kati ya waya, mahali jua haliwezi kufika. Kama umeme haujawekwa, maji yanakaa tu pale, na bobina inaweza kupona. Lakini ukiwasha, umeme unapata njia katika ile matone: unaruka, unachoma vernisi, shaba inayeyuka. Kisha pale, kukausha hakusaidie tena. Inaomba kutoa waya zote na kurudilia bobina nzima.

Basi memba wote wakamate neno hili moja: moteri yenye ililowa ni mugonjwa, haiko maiti. Inaomba wakati na kipimo. Mwenye kuiwasha kwa haraka njo anaifanya iwe maiti.

KITU CHA KWANZA: KUOKOA WATU

Mbele ya kufikiri juu ya moteri, fikiri juu ya watu. Usiingie ndani ya nyumba yenye iko na maji chini kama hujajua hakika kwamba umeme umekatwa. Kama disjonkteri kubwa iko pahali pakavu na unaweza kufika bila kukanyaga maji, kata. Kama haiko hivyo, usijaribu: ita watu wa shirika lenye kuleta umeme wakate ku nguzo ao ku kabini. Muchunge mulango ili watoto wasiingie.

Umeme ukiisha kukatwa, weka alama ao kufuli ili mutu mwingine asirudishe bila kujua. Mutu akirudisha umeme wakati mwenzake iko na mikono ndani ya moteri, hiyo haiko tena habari ya pesa.

KUSAFISHA NA KUKAUSHA

Kazi hii ni ya fundi, lakini komite inapashwa kujua hatua zake, kusudi isidanganywe na isimusukume fundi kwa haraka.

1. Kuandika mbele ya kufungua. Andika namna waya zilifungwa katika kisanduku cha moteri, ao piga picha kwa telefone. Weka alama kwa kila waya.

2. Kufungua. Moteri inatolewa ku musingi na kufunguliwa. Ile sehemu ya katikati yenye kuzunguka inatolewa, ili maji na matope yaliyo ndani yaonekane.

3. Kuosha kwa maji safi. Watu wengi wanashangaa: moteri ililowa, na tunaiosha tena? Ndiyo. Matope yakikauka kati ya waya, yanabaki pale na yanavuta unyevu kila mara mvua inanyesha. Inaomba kuyatoa yangali laini, kwa maji safi ya pole pole. Usitumie petroli wala mazutu, wala kukwaruza bobina kwa brosi ya chuma.

4. Kukausha kwa joto ya kadiri. Fundi wa mujini anaweza kuwa na fuu ya umeme: moteri inakaa kama 90°C kwa saa 12 mpaka 16, ao zaidi. Matundu ya kutoa maji yaachwe wazi, ili mvuke utoke. Kwenye hakuna fuu, watu wanatengeneza kisanduku cha mabati, wanaweka ndani balbu za zamani zile zenye kutoa joto, wanaacha tundu juu na tundu chini ili hewa ipite. Joto ya kisanduku iko chini kuliko ya fuu, basi inaomba siku nyingi. Jua peke yake inasaidia, lakini haitoshi.

Usikaushe moteri juu ya makala ao moto wa kuni. Upande wa chini unaungua wakati upande wa juu ungali na maji, na moshi unaacha masizi juu ya waya.

5. Kubadilisha rulema. Zile pete za chuma zenye vidonge ndani, zenye kubeba sehemu ya kuzunguka, zikiingiliwa na matope zinakwisha haraka hata kama zinazunguka vizuri leo. Bei yao ni kidogo kuliko bei ya moteri. Weka mupya, na grasi mupya.

6. Kubadilisha vyombo vya kuwashia. Disjonkteri, fizibule, kontakteri na relei yenye kulinda moteri: vikiisha kuzama, usivikaushe na kuvirudisha. Kwa inje vinaonekana vizuri, lakini siku yenye vinapashwa kukata umeme vinaweza kukataa. Vilevile kondansateri ya moteri ndogo za umeme wa waya mbili: ibadilishwe, na fundi aondoe umeme wenye ungali ndani yake mbele ya kuigusa.

KIPIMO NJO KINATOA RUHUSA

Namna gani fundi anajua kwamba moteri imekauka? Haiko kwa macho, wala kwa kugusa. Kuko chombo chenye kuitwa megometa. Kinasukuma umeme wa volti 500 kutoka bobina kuelekea chuma cha inje, na kinaonyesha kama vernisi ingali inazuia. Namba yake inasomwa kwa megaomu.

Ile multimeta ndogo yenye mafundi wengi wanabeba mufukoni haitoshi kwa kazi hii. Inatumia batri ndogo, na nguvu yake ni kidogo sana. Inaweza kusema "hakuna shida" ku moteri yenye itaungua mara moja ukiiwasha kwa volti 380. Fundi akikuambia kwamba amepima, umuulize kwa heshima: ulipima na chombo gani?

Kwa moteri zetu za volti 220 ao 380, shika namba hizi:

Chini ya megaomu 1: moteri ingali na maji. Usiwashe.
Kati ya 1 na 5: endelea kukausha, pima tena kesho.
Kuanzia 5 na kuendelea: inaweza kuwashwa, kama namba ile inakaa pale pale na haishuki.

Moteri yenye afya na yenye kukauka vizuri inaonyesha mara nyingi mia na zaidi. Tena muangalie jambo moja: wakati wa kukausha, namba inaanza kushuka kwanza, juu ya joto, kisha inapanda. Usivunjike moyo. Iandike kila kipimo katika kaye, na saa yake. Namba ikipanda na kusimama mahali pamoja, kazi imeisha.

Mbele ya kupima, waya za moteri zitolewe ku kisanduku cha kuwashia, na hakuna mutu mwenye kugusa moteri wakati wa kipimo. Kisha kupima, fundi aondoe umeme wenye umebaki ndani ya bobina kwa kuugusisha na waya ya udongo.

Siku ya kuwasha, toa kwanza mukaba. Washa moteri peke yake, sikiliza, angalia kama inazunguka upande wake wa zamani. Kama inazunguka kinyume, fundi akate umeme na abadilishane waya mbili kati ya zile tatu. Kisha njo mukaba unarudi.

Megometa ni ya bei, na koperative moja inaweza kuona ni muzigo. Lakini koperative tatu ao ine za groupement moja zinaweza kununua moja pamoja. Haitumike kila siku.

MAJI YENYE HATUYAONI

Hatusemi tu juu ya mafuriko. Moteri nyingi zinaharibika bila muto kuingia ndani ya nyumba.

Moteri inapofanya kazi inapata joto, na hewa ya ndani inatoka. Usiku inapoa, na inavuta hewa ya inje, yenye unyevu. Ile unyevu inageuka matone, sawa vile matone yenye tunaona asubuhi chini ya mabati. Moteri yenye kufanya kazi kila siku inajikausha yenyewe. Lakini ile yenye imelala miezi mitatu, kati ya mavuno na mavuno, inakusanya maji pole pole. Siku ya kwanza ya musimu, watu wanakuja na magunia, mashinisti anawasha, na moteri inaungua bila mvua kunyesha.

Basi katika wakati wa kazi kidogo:

Washa moteri mara moja kwa juma, nusu saa, ili ipate joto.
Kama hakuna umeme, izungushe kwa mukono, ili rulema zisishike kutu pahali pamoja.
Moteri nyingi ziko na tundu dogo chini lenye kufungwa na kifuniko, kwa kutoa yale matone. Kifungue mara kwa mara wakati moteri imesimama. Na wakati wa kufunga moteri, hakikisha lile tundu linaangalia chini, haiko kando wala juu.
Mbele ya musimu kuanza, pima na megometa. Siku ya kupima iwe majuma mawili mbele ya mavuno, haiko asubuhi yenye magunia yamefika.

Na shitingi? Watu wengi wanafunika moteri kwa shitingi na kuifunga kwa kamba mpaka chini. Kwa kufanya vile wanafungia unyevu ndani. Na kama mutu anasahau na kuwasha, moteri inakosa hewa na kupata joto kupita kiasi. Ukitaka kufunika, funika juu tu, sawa paa ya nyumba, na acha chini wazi.

KUKINGA NI BEI KIDOGO KULIKO KUBOBINA

Hatuwezi kusahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, mwezi wa 4, 2020, wakati muto Mulongwe ulipoingia Uvira. Hatuwezi kusahau tarehe 4, mwezi wa 5, 2023, ku Bushushu na Nyamukubi, katika teritware ya Kalehe, kwenye zaidi ya watu 400 walipoteza maisha. Na mwaka wa 2024 ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia katika nyumba za watu. Maji yatarudi. Swali ni: yatakuta moteri wapi?

Urefu. Ulizeni wazee wa kijiji maji yalifika wapi mwaka wenye ulikuwa mubaya zaidi. Mujenge musingi wa simenti wenye kupita ile alama kwa nusu metre. Vyombo vya kuwashia na disjonkteri viwekwe juu zaidi, ku urefu wa kifua cha mutu. Mukaba mrefu kidogo unatosha kufikisha nguvu ku mashini yenye iko chini.

Kisanduku cha waya. Kila moteri iko na kisanduku kidogo kwenye kebo inaingia. Mara nyingi skuruu mbili zimepotea, na mupira wa kuzuia maji umekauka. Rudisha skuruu zote, badilisha mupira. Kebo iingie kutokea chini, na ifanye kona ya kushuka mbele ya kuingia, ili matone yaanguke chini, yasifuate kebo mpaka ndani.

Namba ya IP. Ku kibati cha moteri muangalie herufi IP na namba mbili. Namba ya kwanza ni juu ya vumbi, ya pili juu ya maji. IP23 inafaa tu ndani ya nyumba kavu: maji ya mvua ya kando kando yanaweza kuingia. IP55 inakinga vumbi na maji yenye kurushwa. Kwa mashini ya kusaga ao kukoboa, nunueni IP55. Lakini mujue: hata IP55 haikutengenezwa kwa kuzama. Moteri ya kuzama ni ya namna ingine, ile ya pompe za ndani ya shimo.

Waya ya udongo. Moteri yenye unyevu inaweza kuweka umeme ku chuma chake cha inje, na mwenye kuigusa anaumia. Waya ya udongo yenye kufungwa vizuri, pamoja na disjonkteri ya diferansiali, njo vinaokoa mashinisti. Usikubali moteri ifungwe bila ile waya, hata kama "inazunguka tu vizuri".

Kubeba. Maji yakianza kupanda na umeme umekatwa, moteri ya kilowati 7.5 inaweza kubebwa na watu wane. Funguo ya bulo zake ikae siku zote ndani ya nyumba ya mashini, na mashinisti ajifunze kuitoa mbele ya siku ya hatari.

KWA WAKULIMA WA KAHAWA

Wenzetu wa vituo vya kuoshea kahawa, ku Idjwi, Kalehe na kandokando ya ziwa Kivu, moteri zenu zinakaa karibu na maji kila siku. Mashini ya kumenya inaomba maji, na jioni watu wanaiosha kwa ndoo. Wekeni ukuta mudogo ao bati kati ya mashini na moteri, na mutu yeyote asimwage maji upande wa moteri.

Tena kahawa haiko kama mupunga. Mupunga wenye maganda, ukikauka vizuri mpaka unyevu wa asilimia 14, unaweza kungojea katika magunia juu ya mbao, majuma na hata miezi. Basi koperative ya mupunga iko na wakati wa kukausha moteri. Haraka yetu mara nyingi ni ya bure. Lakini kahawa nyekundu inapashwa kumenywa siku ile ile, kama sivyo inaanza kuchacha na inapoteza bei. Kwa hiyo kituo cha kahawa kisikose mashini ya kumenya kwa mukono, hata ya zamani, yenye kutengenezwa na kuwa tayari. Hiyo njo itawapa nguvu ya kusema "hapana" wakati watu wanataka moteri yenye maji iwashwe.

NANI IKO NA RUHUSA YA KUFINYA BUTO?

Turudie ile koperative ya mwanzo. Shida yao haikuwa kukosa fundi. Shida ni kwamba siku ile kila mutu alikuwa na sauti, na hakuna mutu mwenye alikuwa na haki ya kukataza. Mashinisti alikuwa na mashaka, lakini alikuwa mutu mumoja mbele ya memba wengi wenye magunia.

Kisha hasara, mukutano mukubwa uliandika sheria ya mistari mitatu, na iko imebandikwa ku ukuta. Kisha maji ao kisha kulala zaidi ya mwezi, moteri haiwashwe bila kipimo chenye kuandikwa katika kaye. Kaye inawekwa sahihi na fundi na mashinisti. Kama namba haitoshi, hata prezida hana ruhusa ya kufungua kufuli.

Walijenga pia musingi mupya. Maji yalirudi mwaka wenye kufuata, yakafika chini ya musingi tu, lakini mvua ya upepo iliingia katika dirisha na kulowesha moteri. Mashinisti alifunga kufuli. Walikausha siku ine. Siku ya kwanza namba ilikuwa chini ya 1, siku ya ine ilipita 40. Memba walinungunika tena, wamoja kwa sauti kubwa. Alikuwa anawaonyesha kaye. Siku ya tano moteri iliwashwa, na ingali inakoboa mupunga mpaka leo.

Katika mukutano wenu wenye kuja, tunawaomba muulizane maswali haya: Moteri yetu iko juu ya alama ya maji, ao chini? Disjonkteri iko wapi? Nani karibu yetu iko na megometa? Na siku watu wote watapiga kelele "washa!", ni nani mwenye tumempa haki ya kukataa?